Ulitegaje? Hotuba yangu kwa wanafunzi, walimu na wakulima hapa Tanga

Wengi mmenitumia meseji mnasema mlikosa kuja, wengine mvua iliwazuia, wengine mko mbali, kwa hiyo nimekaa na mjukuu wangu tukasikiliza rekodi tukaiandika yote kama nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziacha, sidhani kama mtazikosa sana.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, walimu mlioleta wanafunzi, na nyie vijana mliokaa huko nyuma kabisa, sogeeni mbele jamani viti vipo, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Asalam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa niongee juu ya kazi ya maisha yangu. Kazi ya maisha yangu ni wadudu, na sio wadudu tu, ni wanyama wote wa nchi kavu wasio na uti wa mgongo, yani jongoo, tandu, nge, buibui, konokono, koa, sisimizi, mchwa, mbawakawa, mpaka utitiri wa kwenye majani yaliyooza ambao wengi wenu hamjawahi kuwaona kwa macho. Watu wanapanda Amani, kule kwenye misitu ya milima ya Usambara, kuangalia ndege na vinyonga na lile ua la Usambara, ambalo mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa hapa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892 na leo liko kwenye madirisha dunia nzima. Sawa, ni vizuri wakaangalie. Lakini jani likianguka kule msituni nani analikula? Gogo likidondoka nani analigeuza kuwa udongo? Maji mnayokunywa hapa mjini yanatoka mto Zigi, yanazuiwa pale bwawa la Mabayani, na Zigi unaanzia kule juu kwenye misitu ya Amani, na udongo wa msitu ule unameza mvua kwa sababu kuna viumbe vinautoboa na kuulegeza usiku na mchana. Hao ndo nimeishi nao.

Sasa nataka mtoke hapa na swali moja. Mtu akikwambia mahali fulani kuna spishi hamsini za sisimizi, au akikwambia mahali fulani hakuna kitu, usimuulize kwanza ni spishi gani, na wala usikimbilie kumpinga. Muulize, ulitegaje? Haya semeni wote. Ulitegaje? Hapo hapo.

Nyie watu wa pwani hili mnalijua kuliko mimi. Mwenye dema anarudi na tasi na changu, mwenye mshipi aliyekwenda nje kwenye kina anarudi na jodari. Sasa mwenye dema akisimama pale Deep Sea, wanakoshusha samaki, akatangaza kwamba bahari ya Tanga haina jodari, mtamwamini? Hamtamwamini, mtamuuliza ulikuwa na chombo gani na ulikwenda wapi. Basi kwa wadudu watu wanaamini kila siku. Ripoti inakuja na jedwali zuri, nambari zimepangwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza.

Niwape kisa cha minazi maana nimekulia huku njia ya Pangani, kwenye minazi. Vidaka, yani nazi changa, vilikuwa vinapukutika, unaamka asubuhi chini ya mnazi vimejaa, na vile vinavyobaki juu vinakua na makovu na utomvu umeganda. Wengine walisema ni jua, wengine wakasema ni jicho la mtu. Mwenyewe hasa ni mdudu wa jamii ya kunguni wa mimea, jina lake la kisayansi Pseudotheraptus wayi, anachoma maua ya kike na vidaka vichanga, anafyonza, na mate yake yana sumu. Hilo wayi limetokana na Michael Way, mtafiti aliyefanya kazi Zanzibar miaka ya 1950, na kazi yake na ya waliomfuata ilionyesha kwamba mnazi uliojaa majimoto unapona. Majimoto mnawajua, wale wekundu wekundu wanaoshona majani, mkubwa anambeba mtoto mdomoni anampitisha huku na huku kwenye ukingo wa jani na mtoto ndo anatoa uzi. Wazee wengi wamewachoma moto hao kwa sababu wanamuuma mkwezi. Lakini ni walinzi, wanamla na kumfukuza yule kunguni.

Sasa sikilizeni hapa. Chini ya mnazi huo huo kuna sisimizi mwingine, mdogo, wa kahawia, askari wao wana vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, anaishi ardhini na kwenye shina. Huyu na majimoto hawapatani, anawafukuza, na yeye mwenyewe hamzuii kunguni. Mimi nikija na vikombe vyangu nikavizika chini ya minazi, nitapata nini? Nitapata huyu wa ardhini, maelfu. Nitaandika kwamba shamba hili lina sisimizi wengi sana, na itakuwa kweli kabisa, na mkulima atabaki na vidaka vyake chini, kwa sababu anayemlinda yuko juu na mimi nilitega chini. Ukitaka kujua habari za majimoto unahesabu viota, unaangalia ni minazi mingapi ina misafara inayopanda na kushuka. Shamba ni lile lile na siku ni ile ile, ila majibu mawili yanayogongana, na yote ni ya kweli. Ulitegaje?

Na nyie wenye michungwa Muheza msikilize hili maana watafiti wa hapa hapa nchini wamelionyesha: ukipalilia shamba likawa jeupe kabisa, yule wa ardhini ndo anapata nguvu na majimoto wanakimbia. Ukiacha majani kiasi chini ya miti, majimoto wanarudi. Mkulima anadhani usafi wa shamba ndo afya ya shamba. Hapana, kaka zangu, si mara zote.

Haya tuingie kwenye mitego yenyewe, maana vijana wengi waliniuliza pale nje.

Mtego rahisi kuliko yote ni wa shimo. Kikombe cha plastiki unakizika, ndani unaweka maji na tone la sabuni ili mdudu azame asielee, au glaikoli, kimiminika kisichokauka haraka, kama utakaa siku nyingi bila kurudi. Juu unaweka kifuniko kimesimama kwenye vijiti ili mvua isijaze, na wavu wa matundu makubwa ili chura asiingie, maana Amani kuna vyura wasiopatikana kwingine kokote duniani na hatukwenda kule kuwaua. Vikombe unavijua, vijiti unavijua, kila mtu anaweza. Na kwa sababu kila mtu anaweza, kila mtu anaharibu. Mdomo wa kikombe lazima uwe sawa na udongo, na nikisema sawa sina maana ya karibu sawa. Mi nalala kifudifudi naweka shavu chini kabisa kwenye majani, naangalia ule ukingo kwa usawa wa jicho la mdudu. Ukibaki umejitokeza unene wa kucha tu, sisimizi anafika pale, anasimama, anainua vipapasio vyake, anagusa plastiki mara moja, mara mbili, anazunguka, anaenda zake. Nimelala pale nikamwangalia akifanya hivyo mara nyingi sana. Mbawakawa mkubwa atapanda ule ukingo na kuanguka, mdogo atakwepa, basi unene wa kucha umebadilisha msitu mzima kwenye karatasi yako.

Alafu udongo uliochimbuliwa sasa hivi unasumbua sisimizi, wanatoka, wanazurura, kwa hiyo siku za mwanzo unapata wengi kuliko kawaida. Dawa yake ndogo tu, zika vikombe vikiwa vimefunikwa, ondoka, rudi baada ya siku kadhaa ardhi imetulia ndo ufungue. Na jambo la tatu kubwa kuliko hayo, mtego wa shimo hauhesabu walio wengi, unahesabu wanaotembea. Buibui anayekaa kwenye utando wake anasubiri chakula kije hataanguka humo mpaka anakufa. Konokono anayeishi juu ya majani ya mti hataanguka. Ukisema msitu huu una siafu wengi na buibui wachache kwa kuangalia vikombe tu, wewe umepima miguu, hujapima msitu.

Wanaoruka wana mtego wao. Kuna Mswidi mmoja aliitwa René Malaise, akiwa safarini aliona wadudu wanaoingia hemani mwake wanapanda mpaka kona ya juu kabisa, na penye tundu kwenye kona wanatokea hapo. Akafikiri, basi niweke chupa pale kwenye tundu. Aliuandikia mwaka 1937 na mpaka leo hema la Malaise ndo mtego mkuu wa inzi na nyigu duniani, kwa sababu inzi na nyigu wakigonga kitambaa wanapanda kufuata mwanga. Mbawakawa wengi wakigonga wanajiachia wanadondoka chini, na hapo chini hakuna chupa. Mnaona tena? Sio kwamba hawakuwepo.

Mtego nilioupenda zaidi ni wa majani makavu, na nitawaambia kwa nini. Mtaliano Antonio Berlese mwaka 1905 alitengeneza funeli, unaweka majani juu, unapasha joto, wadudu wanakimbia ukavu wanashuka mpaka kwenye spiriti chini, alafu Mswidi mwingine, Albert Tullgren, mwaka 1918 akaweka taa ya umeme. Safi. Sasa umeme kule msituni tulikuwa tunautoa wapi? Ndo ukaja mfuko wa Winkler, ambao hauhitaji umeme wala betri. Unapima mita moja ya mraba, unakusanya majani yote na mboji ya juu haraka haraka, haraka kweli, maana ukichelewa sisimizi wameshabeba watoto wao wamezama. Unachekecha, unachobakiza ni vumbi la msitu, unalitia kwenye vifuko vya wavu, unavining'iniza ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa wenye kikombe cha spiriti chini, unauacha kwenye baraza. Majani yanakauka polepole, wanyama wanahangaika wakitafuta unyevu, wanatoka kwenye wavu, wanadondoka.

Asubuhi unainua kikombe kile kwenye mwanga. Juu juu unaona kama vumbi limezama. Alafu unaweka chini ya darubini na vumbi lote lina miguu. Kuna utitiri wa rangi ya machungwa, kuna nge bandia mdogo kuliko punje ya ufuta, hana mkia ila magando yake kamili, kuna konokono wa milimita mbili ambaye gamba lake lina mistari iliyopangwa vizuri kabisa, na huyo wa milimita mbili yawezekana ni mwindaji, maana misitu yetu hii ina jamii ya konokono wanaokula konokono wenzao. Mita moja ya mraba. Mtalii amepita hapo na buti.

Na usiku? Usiku unavaa taa ya kichwani unaingia msituni, na macho ya buibui wawindaji yanakurudishia mwanga kutoka chini ardhini. Nusu ya wanyama ambao mchana ungeapa hawapo, usiku wako pale mbele yako kwenye jani.

Mwaka 2000 watafiti wa sisimizi wa dunia walikubaliana utaratibu mmoja, mstari wa mita 200, sampuli 20 za majani za mita moja ya mraba, vikombe 20, kila mita kumi. Kwa nini walihangaika kukubaliana? Si kwamba utaratibu huo unaona kila kitu, hauoni vizuri majimoto wa juu ya mti. Ni kwamba mtu wa Amani na mtu wa Brazili wakitega vile vile, nambari zao zinaweza kuongea.

Sasa niseme jambo lililoniuma, na linaniuma mpaka leo. Niliwahi kupewa ripoti ya tathmini ya mazingira ya kilima kimoja, sitataja kilima wala walioandika. Kwenye ndege walifanya kazi. Kwenye miti walifanya kazi. Kwenye wanyama wasio na uti wa mgongo kulikuwa na aya moja, inasema hakuna spishi zenye umuhimu zilizoonekana. Nikatafuta walitegaje. Walipita na wavu wa kufagia majani, mchana, wakati wa kiangazi, kwa siku chache. Basi. Kiangazi konokono wamejifungia, jongoo wameingia chini, na msitu wa Amani unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ukitaka kuwaona wenyewe njoo masika, njoo vuli. Hakuna mtego hata mmoja wa ardhini. Hakuna usiku hata mmoja. Alafu wanaandika hakuna. Ndugu zangu, kuna tofauti kubwa sana kati ya hakuna na sikuona, na tofauti hiyo inaweza kuondoa kilima, maana kuna jongoo na konokono ambao mlima mmoja tu ndo kwao duniani kote. Ndege ataruka aende ng'ambo. Jongoo ataenda wapi?

Mtaniuliza, sasa mama, tutajuaje kwamba tumetega vya kutosha? Swali zuri. Hapa ndo hesabu inakuja na wanafunzi msinune, ni hesabu tamu. Kwenye sampuli za misitu ya tropiki, watafiti wakikusanya matokeo ya kazi nyingi wameona kwamba kwa wastani kama theluthi moja ya spishi unazopata, umepata mnyama mmoja tu. Mmoja. Hao wa mmoja mmoja wengine wanawatupa, wanasema ni bahati tu. Usiwatupe! Hao ndo wanakwambia kuna wangapi hujawaona. Mtaalamu wa takwimu wa Taiwani, Anne Chao, mwaka 1984 alitoa kanuni ambayo mtoto wa sekondari anaiweza. Chukua idadi ya spishi ulizoziona mara moja tu, izidishe kwa yenyewe. Gawanya kwa mara mbili ya zile ulizoziona mara mbili. Unachopata, jumlisha na ulizonazo. Tuseme una spishi 60, kati yao 20 umeziona mara moja, 10 umeziona mara mbili. Ishirini mara ishirini 400, gawanya kwa 20 unapata 20. Kwa hiyo 60 ulizoziona na nyingine 20 angalau ambazo ziko humo na hazijaingia kwenye vikombe vyako. Wale wa mara moja wakipungua kadri unavyoendelea kutega, unakaribia. Wakiendelea kuongezeka, usikunje mkeka bado. Ile ripoti ya kilima ingefanya hesabu hii, aya yake ingejikana yenyewe.

Na dunia nzima je? Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin aliandika juu ya kazi yake Panama, alifukizia dawa miti 19 ya spishi moja, wadudu wakadondoka kwenye vitambaa, akapata kama spishi 1,200 za mbawakawa peke yao. Akapiga hesabu, akasema huenda dunia ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao wa tropiki. Watu walishtuka. Leo makadirio mengi ya wadudu yameshuka, wengi wanataja karibu milioni tano na nusu, na tuliowapa majina ni kama milioni moja. Nampenda Erwin hata kama nambari yake ilishushwa, kwa sababu aliandika kila hatua aliyopitia, mti gani, asilimia gani, kadirio gani, na ndo maana wengine waliweza kuipunguza. Alijibu swali letu kabla hajaulizwa. Njia hiyo ya kufukiza na sisi tumeiona, miaka ya 1990 ilitumika kwenye migunga ya hifadhi ya Mkomazi, ambayo upande mmoja iko mkoani kwetu. Dawa za namna hiyo chimbuko lake ni pareto, ua linalolimwa nchini kwetu, linaangusha wadudu na nguvu yake inaisha haraka, haikai kwenye majani siku na siku.

Nina jambo jingine, la Muheza. Najua wengi humu wametoka Muheza.

Kupima mbu wa malaria zamani ilikuwa hivi: mtu anakaa usiku, amekunja suruali, miguu wazi, tochi na kifyonzeo mkononi, mbu akitua anamkamata. Huo ndo ulikuwa mtego, binadamu. Na ni mtego mzuri maana unapima kitu chenyewe, mbu wanaomjia mtu. Lakini ni vijana wetu wale, wanakesha, wanahatarisha afya, na watu hawafanani, mwingine anavuta mbu zaidi, mwingine anasinzia. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi huku Muheza walichapisha matokeo yao, walitundika mtego wa taa ndogo karibu na chandarua ambacho mtu amelala ndani, salama, wakalinganisha na wakamataji. Wakaona mitego mitatu ya taa inapata karibu sawa na watu wawili wanaokamata. Hebu fikirini uzito wa hilo. Hawakusema tu tuna mtego mpya jamani tuutumie, walikaa wakatafuta uwiano, ili nambari za zamani za miguu na nambari mpya za taa zisomwe pamoja. Njia hiyo ya kutundika taa karibu na chandarua imetumika sana Afrika baada ya hapo, na imetokea hapa, kwenye nyumba za udongo na makuti za Muheza. Vijana wa Muheza mnalijua hili? Walimu, mnawafundisha?

Ukishapata mtego na ukajua unapima nini, basi ushike. Ushike miaka. Kuna kikundi cha wapenzi wa wadudu Ujerumani, mji wa Krefeld, wengi wao si maprofesa, waliweka mahema ya Malaise kwenye maeneo 63 yanayohifadhiwa, hema aina moja, chupa aina moja, kuanzia 1989 mpaka 2016. Hawakuhesabu hata spishi, walipima uzito wa wadudu kwenye chupa. Mwaka 2017 matokeo yakatoka, uzito wa wadudu wanaoruka umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27, na hayo ni maeneo ya hifadhi. Dunia ilishtuka. Ungekuwa umebadilisha hema kila ukipata mfadhili mpya ungeona nini? Ungeona mabadiliko ya mahema. Sasa sisi, hifadhi ya Amani imetangazwa 1997, kituo cha utafiti cha Wajerumani kilianza pale 1902, zaidi ya miaka mia moja watu wanakusanya wadudu mlima ule. Julius Vosseler alikuwa pale miaka ya mwanzo ya 1900 akiandika juu ya wadudu wa mashamba. Vielelezo vyenye karatasi iliyoandikwa Amani viko kwenye makumbusho za Ulaya. Ila mfululizo wa mtego mmoja, mahali pamoja, miaka thelathini, wa majani ya chini au wa wanaoruka, unaoshikwa na watu wa hapa, hapa Tanga, uko wapi? Nawauliza nyie mnaoanza maana mna miaka thelathini mbele yenu, mimi sina.

Na msiniambie pesa. Pesa inahitajika, nakubali, darubini inahitajika, spiriti inahitajika. Lakini kikombe, kijiti, penseli na mtu anayerudi mahali pale pale kila mwaka vinapatikana Tanga.

Kitu kingine, wenyeji. Nimefanya kazi na wazee wa Kisambaa na Kibondei wanaojua msitu kwa mikono yao. Mzee mmoja wa kijiji cha Kisiwani alikuwa haniruhusu nigeuze gogo kabla hajalipapasa ubavu wa chini, akilipapasa ananiambia hapa kuna tandu, hapa kavu twende mbele, na ni hivyo hivyo. Wale wakulima waliofuga vipepeo kule Amani, wakauza pupa, yani mdudu akiwa bado kwenye kifuko chake kabla hajawa kipepeo, nje ya nchi, walijua kila kipepeo anataga kwenye mmea gani, elimu ambayo ungeitafuta kwenye vitabu usingeipata yote. Ujuzi wa namna hiyo nao ni njia ya kutega, na uandikwe kama njia. Kwenye karatasi ya kielelezo kuna nafasi ya jina la mkusanyaji. Aliyekiona ni mzee, aliyekitoa kwenye gogo ni mzee, kwa nini jina liwe la aliyeshika chupa? Mi naandika yote mawili. Nawasihi wanaofuata muandike yote mawili.

Kuhusu DNA mliyoniuliza, yani chembe za urithi zilizo ndani ya kila kiumbe. Ndiyo, ni kitu kikubwa, tangu 2003 Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza kutambua spishi kwa kipande kifupi cha jeni moja, kazi imeenda mbio, leo unaweza kusaga chupa nzima ukasoma kilichomo. Sina ugomvi nayo kabisa, natamani ningeipata nikiwa na umri wenu. Ila chupa ilijazwa na mtego. Mashine itasoma kilichoingia, haitasoma aliyekuwa juu ya mti. Na spiriti ya asilimia 70 inayotosha kulainisha mdudu wa kuangalia kwa darubini, kwa DNA ni dhaifu, weka 95 kwenda juu, na weka kwenye ubaridi kama unao.

Nimalizie na la Jumamosi ijayo maana walimu wameshaniangalia saa.

Tutafanya zoezi Muheza, kwenye shamba la michungwa ambalo mwenyewe ametukubalia. Hatutaenda hifadhini, kuchukua viumbe ndani ya hifadhi ni mpaka uwe na kibali na hilo mlishike tangu mwanzo. Nusu ya shamba ina majani chini ya miti, nusu imepaliliwa. Tutazika vikombe pande zote mbili na tutahesabu viota vya majimoto pande zote mbili, alafu tutaona kila njia inasema nini juu ya shamba lile lile. Kila mmoja aje na vikombe viwili vya plastiki vinavyolingana, koleo dogo au hata kisu kikukuu, na penseli. Penseli, sio kalamu, spiriti inafuta wino. Kwenye kila karatasi mtaandika mahali, tarehe, jina la aliyetega na jina la aliyeonyesha, na mstari wa mwisho mtaandika mlitegaje, kina cha kikombe, upana wa mdomo, kimekaa siku ngapi, mvua ilinyesha au haikunyesha. Karatasi isiyo na mstari huo nitairudisha.

Tukutane stendi ya Muheza saa moja asubuhi. Wa madarasa ya chini waje na mzazi au mwalimu, na mvae viatu vya kufunika, majimoto hawajui kama tumekuja kwa wema. Haya, maswali. Yule binti wa pale dirishani alinyoosha mkono tangu kwenye minazi, tuanze na yeye.